Masikio ya Babu: Historia Fupi ya Rangi na Upepo

Brashi ya hewa haikubuniwa kwa ajili ya magari wala helmeti za bodaboda. Ilibuniwa kwa ajili ya nyuso za watu. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningemwambia kijana yeyote wa Tarime au Mugumu anayetaka kuanza kupuliza rangi kama burudani ya jioni. Historia ya chombo hiki inaeleza kwa nini kinafanya kazi namna kinavyofanya, na pia kwa nini kinaweza kukutia katika mabishano na ndugu zako. Mimi kimeshanitia.

Kwa wasiokifahamu: ni kalamu ya chuma yenye ukubwa wa peni nene. Juu yake kuna kikombe kidogo cha rangi, ndani kuna sindano ndefu, na chini umeungwa mpira unaoleta upepo kutoka kwenye kompresa. Ukibonyeza kitufe, upepo unatoka. Ukikivuta nyuma, sindano inarudi kidogo na rangi inaponyoka kuingia kwenye upepo, ikageuka ukungu. Unaweza kuchora mstari mwembamba kama unywele au wingu pana kama kiganja, bila chombo kugusa karatasi. Brashi ya manyoya huacha mikwaruzo yake, na penseli huacha mchirizi. Ukungu huu hauachi alama yoyote ya mkono uliopita. Mtazamaji akiangalia hawezi kujua wapi mtu aligusa na wapi hakugusa.

Naomba msomaji alikumbuke hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Sindano, kijiko na bisibisi

Mwaka 1876 Mmarekani Francis Edgar Stanley alipata hataza ya kifaa cha kupuliza rangi juu ya picha. Ni Stanley yuleyule ambaye baadaye, pamoja na pacha wake Freelan, alipata umaarufu kwa magari ya mvuke. Miaka michache baadaye, katika mji mdogo wa Webster City, jimbo la Iowa, sonara mmoja mpenda kubuni vitu, Abner Peeler, aliunda kifaa chake mwenyewe. Masimulizi ya fani hii yanasema alitumia sindano ya cherehani aliyoipinda, kijiko, bisibisi kuukuu na vipande vya mbao. Ukipita gereji za Tarime mjini utaona kwamba roho ya Peeler haijafa. Aliuza haki zake kwa dola 700 kwa Liberty Walkup wa Illinois, ambaye aliboresha kifaa, akaanza kukitengeneza kwa wingi na kukitafutia wanunuzi. Mkewe, Phoebe, aliyekuwa msanii, alifundisha watu kukitumia. Kabla karne ya 19 haijaisha, Charles Burdick alikuwa ameshaipeleka biashara ya brashi za hewa hadi London.

Kwa nini picha? Wakati ule studio zilikuwa zimeanza kukuza picha ndogo kuwa kubwa za kutundika ukutani, na picha iliyokuzwa ilitoka imepauka. Macho yalififia na mpaka kati ya nywele na ukuta ulipotea. Ilibidi mtu akae na kuirudishia giza na mwanga. Wateja wengi walikuwa familia zilizofiwa, zenye picha moja tu ya marehemu. Kwa hiyo kalamu hii ilizaliwa katika huzuni ya watu wa kawaida, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumrudisha mtu ukutani akiwa na sura inayowaridhisha walio hai.

Kanuni inayoiendesha ni ya zamani zaidi. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha kitabu kuhusu mwendo wa vimiminika, na kutokana na kazi yake tunafahamu kwamba mahali mwendo unapoongezeka, mgandamizo hupungua. Upepo ukipita kwa kasi mbele ya tundu la rangi, mgandamizo pale hushuka, rangi ikavutwa na kupasuliwa kuwa matone madogo. Mkulima wa kahawa wa Tarime anayevaa bomba la dawa mgongoni, na mfugaji wa Serengeti anayepulizia ng'ombe wake dawa ya kupe, wote wanaujua ukungu huo. 

Mdomo ulitangulia

Lakini kusema kwamba upulizaji wa rangi ulianza Iowa ni kusahau mdomo. Watu wa kale walijaza rangi mdomoni au kwenye kijiti chenye uwazi, wakaweka kiganja kwenye ukuta wa pango, wakapuliza. Kiganja kilipoondolewa, kilibaki kivuli cha mkono kilichozungukwa na rangi. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza kwamba kiganja kimoja cha namna hiyo, katika kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, kina umri wa angalau miaka 39,900. Anayeanza kutumia brashi ya hewa leo hukata karatasi, huiweka juu ya ubao na kupuliza kandokando yake. Anarudia zoezi la Sulawesi, ila mkono wake umebaki salama bila rangi.

Kwetu Afrika Mashariki michoro mingi ya miambani haikupulizwa. Ilipakwa kwa vidole, vijiti au manyoya. Ile ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, mstari kwa mstari, kwa sababu alihofia itapotea. Karibu na kwetu zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuna miamba ya Moru. Katika mmoja wao vijana wa Kimaasai walichora ngao, watu na wanyama kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na si mbali kuna jiwe kubwa linalolia kama kengele ukiligonga kwa kokoto. Nilifika huko na kundi la wanafunzi wenzangu wa shahada ya uzamili ya historia. Wenzangu walipiga picha ngao. Mimi nilikodolea macho kingo za rangi. Zilikuwa nene hapa, nyembamba pale, na unaona kabisa kidole kilipoanzia na kilipochoka. Hiyo ni alama ya mkono ambayo brashi ya hewa inaificha.

Niliporudi Tarime likizo ile ndipo nilipoanza.

Namna nilivyoanza

Sikuwa na studio. Nilikuwa na kibaraza cha nyuma, meza ya kusomea na taa. Kalamu niliagiza Dar es Salaam, ikaja na basi ikiwa imefungwa kwenye boksi la biskuti. Nilichagua aina ambayo kikombe kiko juu, kwa sababu rangi hushuka kwa uzito wake na hivyo huhitaji upepo kidogo. Zipo zenye chupa chini, ambazo hubeba rangi nyingi lakini zinataka upepo zaidi wa kuinyonya. Tundu la mbele la kalamu yangu ni la milimita 0.3. Lile la 0.2 ni zuri kwa kope na nywele, lakini huziba haraka na humkatisha tamaa anayeanza. La 0.5 linafaa kwa maeneo mapana na rangi nzito. Kama utanunua moja tu, nunua ya 0.3.

Upepo ulinisumbua zaidi. Kompresa ya fundi pancha ina nguvu ya kutosha kabisa, tatizo ni kwamba ina nguvu kupita kiasi, na hutema maji na mafuta. Kalamu hii inataka kati ya psi 15 na 25 hivi, wakati tairi la gari dogo linataka psi 30 au zaidi. Kwa hiyo kinachohitajika ni geji ya kupunguzia upepo, chujio la kunasa maji, na tenki, ili upepo utoke kwa utulivu badala ya kupigapiga kama moyo. Fundi rangi mmoja wa jirani aliniruhusu kuunga mpira wangu kwenye kompresa yake saa za jioni, akishamaliza kazi. Aliitazama kalamu yangu, akaitazama bunduki yake ya kupulizia rangi ya magari, akacheka.

"Mura, hicho kitamaliza gari lini?"

Nikamwambia sina gari. Akaniuliza sasa nataka kupaka nini. Nikasema vitone.

Na kweli wiki ya kwanza nilipuliza vitone tu. Hili ndilo zoezi la kwanza na wengi hulidharau. Unachora mistari ya miraba kwenye gazeti kuukuu, kisha unaweka kitone kila pembe. Unabonyeza upepo kwanza, ndipo unavuta rangi, unarudisha rangi, ndipo unaachia upepo. Upepo ndio unaotangulia na ndio unaomaliza. Ukiuachia upepo wakati rangi bado iko wazi, tone hubaki mdomoni mwa kalamu na kukurukia safari ijayo. Baada ya vitone ni mistari, kisha mistari inayoanza minene na kuishia myembamba kama mkia wa panya, kisha kivuli kinachofifia kutoka weusi hadi weupe. Mwisho unachora mpira, yaani duara lenye mwanga upande mmoja na kivuli upande mwingine. Ukiweza kuufanya mpira uonekane unaweza kushikika, unaweza kuanza kufikiria shavu la mtu.

Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Ikiwa nzito itaziba. Ikiwa maji mno, upepo utaisukuma kwenye karatasi na kuitawanya kuwa miguu ya buibui. Suluhisho la buibui ni kuisogeza kalamu nyuma, kupunguza upepo, au kupunguza rangi unayovuta. Tarime, wakati wa jua kali, rangi hukaukia kwenye ncha ya sindano, na inabidi uifute kila baada ya dakika chache kwa pamba yenye maji.

La afya nalitenga peke yake, kwa sababu nimeona gerejini vijana wakipuliza rangi ya magari wakiwa wamefunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii chochote cha maana. Rangi nyingi za magari za kuchanganya na kikaushio zina kemikali ziitwazo aisosaineti, na hizo zinaweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kawaida ya vumbi huzuia matone lakini haizuii mvuke wa tina. Anayefanya kama burudani hana sababu ya kuhatarisha mapafu yake: atumie rangi za akriliki zinazoyeyuka kwa maji, avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, akae penye hewa inayopita. Nilinunua barakoa mbili, moja nikampa fundi, na nikamweleza wazi kwamba kwa rangi zake barakoa hiyo haitoshi. Aliipokea kwa heshima na kuitundika msumarini. Nilimkumbusha hadi akaanza kuniita daktari.

Mstari wa manjano

Kuna watu watakaosema hii ni starehe ya watu wa nje. Hawajasafiri. Sirari iko kilomita chache kutoka Tarime mjini, na ukivuka mpaka kwenda Isebania, kisha ukaendelea hadi Nairobi, utakuta jiji ambalo upulizaji wa rangi ni kazi, ushindani na siasa. Matatu za huko zimebeba nyuso za wanamuziki, wachezaji mpira, manabii na wanasiasa, na nyuso hizo hulainishwa kwa ukungu wa rangi uleule. Mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki ziliamuru magari hayo yawe na mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Baadaye ilirudi, na ikarudi kwa kishindo. Kwetu Tanzania daladala zilishazoea mistari ya rangi ya njia zake, na sanaa ikahamia nyuma ya malori, kwenye matope ya bajaji na matenki ya pikipiki.

Hata Tingatinga ina udugu na habari hii. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za kujengea. Hakusubiri vifaa vya wasanii. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alikuwa amechora kwa miaka minne tu, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Anayesema hawezi kuanza kwa sababu duka la vifaa vya sanaa liko mbali, na aikumbuke ile rangi ya baiskeli.

Studio nazo zilikuwapo. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na katika pwani na miji ya bara mafundi wa picha walikuwa wakigusagusa nyuso kwa penseli na rangi kabla na baada ya hapo. Mashavu yalilainishwa na makovu yakafunikwa. Nani angelalamika? Mteja ndiye aliyelipa.

Mfungie na hayo masikio

Sasa nifike kwenye mabishano.

Ya babu yangu mzaa baba iko picha moja tu. Ina ukubwa wa kiganja, na nyuma ina mhuri uliofifia wa studio ya Musoma na mwaka 1958. Babu amekaa kwenye kiti, shati jeupe, koti, mikono magotini. Alikuwa amesharudi siku nyingi kutoka Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Na pande zote mbili za uso wake zimening'inia ndewe ndefu zilizotobolewa na kupanuliwa, kama walivyofanya Wakuria wengi wa rika lake, kwa vipande vya mti vilivyoongezwa ukubwa kidogo kidogo.

Familia ilipojua najifunza kupaka rangi picha, shangazi yangu mkubwa aliniita. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanionyesha ukuta wa sebuleni alipotaka picha ikae. Iwe kubwa na iwe na rangi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu kidogo:

"Na ukimaliza kumsafisha babu yako, mfungie na hayo masikio."

Nikauliza, "Shangazi, niyafunge vipi?"

"Si unasema hicho chombo hakiachi alama?"

Hapo nilikaa kimya, kwa sababu alikuwa ameielewa historia ya chombo kuliko nilivyotarajia. Nilijaribu kumweleza kwamba picha ni ushahidi. Akanijibu kwamba ushahidi ni wa mahakamani, na hapa ni sebuleni. Wageni watakuja, wajukuu wataleta wenzao wa shule, na yeye anakumbuka jinsi watoto wa misheni walivyokuwa wakiwacheka baba zao. Hataki baba yake achekwe tena akiwa amekufa. Hoja hiyo haina udhaifu. Wateja wa Walkup kule Illinois walitaka jambo hilohilo: mtu wao, ila bila kile kinachowauma wanaobaki.

Lakini mimi nasomea historia, na najua upande wa pili wa ukungu huu. Katika picha moja maarufu ya mfereji wa Moscow, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, anatembea kando ya Stalin. Yezhov aliponyongwa kisiasa na kisha kuuawa mwaka 1940, alitolewa pia kwenye picha, na mahali pake pakachorwa maji. Ukiona toleo la pili peke yake huna swali la kuuliza, kwa kuwa maji hayana mashaka. Kwa mtu wa historia hilo ni baya kuliko uongo, kwa sababu uongo angalau unaweza kuubishia.

Sikumwambia shangazi habari za Stalin. Nilichofanya ni kukataa kuigusa picha halisi, na hilo alilikubali mara moja. Niliipeleka ikasakaniwa, nikachapisha nakala kubwa kwenye karatasi isiyong'aa, na nikamwambia nitaanza na mavazi. Kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, ilibidi nimuulize. Koti lilikuwa rangi gani? Kahawia, akasema, si ile ya udongo, ile ya kahawa iliyokaangwa. Kiti? Hakumbuki. Shati? Jeupe, lakini lilishafuliwa sana, basi lisiwe jeupe kama maziwa. Ngozi yake iliiva kuelekea wapi, wekundu au weusi? Akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Kama huu, ila yeye alikuwa mweusi zaidi."

Nilichanganya rangi mbele yake, kwenye vifuniko vya soda. Kila tone lilikuwa swali. Sijawahi kufanya mahojiano ya utafiti yaliyonipa mengi kiasi kile, na nimefundishwa kuyafanya kwa hojaji na kinasa sauti. Tulipofika shingoni nikauliza kama ndewe zilikuwa na rangi moja na shavu. Akanyamaza kidogo. Akasema zilikuwa laini, na kwamba akiwa mdogo alikuwa akipitisha kidole chake humo, na baba yake anajifanya hajui nani anamshika. Kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuniambia. Jeshini babu alikuwa akizikunja ndewe na kuzipandisha juu ya sikio, kama wenzake, zisinase kwenye vitu. Aliendelea kuzikunja hivyo hata aliporudi, kila alipokwenda mjini.

"Lakini siku ya picha," shangazi akasema, "mama alituambia, aliyashusha mwenyewe. Mpiga picha alimwambia ayapandishe, akakataa."

Tukatazamana. Sikuongeza neno. Alichukua nakala, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema niyaache kama yalivyo.

Nisimalize hapo kama kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Picha ilipokamilika, hakuitundika sebuleni. Aliitundika kwenye korido ya kuelekea vyumbani, wanapopita ndugu na si wageni. Ni nyumba yake, na ni baba yake.

Nchi isiyo na watu

Tangu siku ile nikipita njia ya Mugumu kuelekea Ikoma naiona hifadhi kwa jicho jingine. Mwaka uleule wa 1958, babu alipokaa kwenye kiti cha studio na ndewe zake zikiwa chini, wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa kisheria. Zile ngao za Moru zikabaki bila watu wake. Upande wa magharibi, ambao leo ni Wilaya ya Serengeti, Waikoma, Wanata, Waishenyi na jirani zao walikuwa wameshaanza kuona mipaka ikifunga mawindo, mashamba ya zamani na sehemu za matambiko.

Wakati huohuo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wakiruka juu ya nyika kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Filamu yao, ambayo kwa Kiswahili tungeiita "Serengeti Isife", ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuwafanya mamilioni ya watu duniani waipende nchi hii. Mapenzi hayo yameleta mema. Wanyama wapo, na mwaka 1981 Serengeti iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Ila picha iliyoenea ulimwenguni ni ya nyanda, nyumbu na machweo, na binadamu hayumo tangu mwanzo. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu Serengeti ya magharibi, alikusanya kumbukumbu za wenyeji na kuonyesha kwamba wao waliiona ardhi hiyohiyo imejaa majina, makazi ya mababu na njia za miguu. Nani anayeuliza walikwenda wapi, ikiwa nyasi zimepakwa vizuri namna ile?

Sisemi kwamba waliotengeneza picha hiyo walikuwa na nia mbaya. Shangazi yangu pia hakuwa na nia mbaya. Ukungu mwingi hupulizwa kwa mapenzi, na ndiyo maana ni vigumu kuukataa.

Kwa hiyo, kijana unayeanza, mambo ya kalamu utajifunza kwa majuma machache. Osha kikombe kila unapobadilisha rangi. Itoe sindano taratibu, kwa kurudi nyuma, na uipake mafuta kidogo, maana ncha ikipinda imekwisha. Weka tarehe kwenye karatasi zako za mazoezi ili uone ulivyokua. Lakini ukifika kwenye nyuso, na utafika, kwa sababu kila mtu atakuletea picha ya marehemu wake, fanya mambo matatu. Usiguse ya asili. Kila rangi uliyoiweka kwa kuhisi, iandike nyuma ya nakala kwamba umehisi. Na kabla hujafuta chochote, muulize aliyekuletea kilikuwa nini, kisha umpe muda wa kujibu.

Nyuma ya picha ya korido nimeandika kwa penseli: koti, kwa maelezo ya binti yake, kiti, nimekisia, masikio, yake mwenyewe.